Mwili unapoikataa dawa

Kuna kauli nimeisikia mara nyingi misibani na kwenye vibaraza vya kahawa: "Dawa alipewa zote, lakini mwili ulizikataa." Husemwa kwa sauti ya chini, anayesikiliza akatikisa kichwa, kisha mazungumzo yakahamia kwenye husuda, kwenye majini, ama kwa daktari asiyejua kazi yake. Leo, ndugu msomaji, naomba tuichukue kauli hiyo kwa maana yake ya wazi. Mwili wa binadamu unaweza kweli kuikataa dawa. Unaikataa kwa silaha inayopimika maabara, na zipo dawa ambazo jambo hili limechunguzwa kwa zaidi ya miaka 40. Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua ni wa sindano iitwayo intaferoni.

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya uhasibu, na kazi yangu ya kila siku ni vitabu vya hesabu. Suala hili nilianza kulisoma kwa sababu ya binti wa ami yangu, ambaye ni dada kwangu maana tumelelewa nyumba moja. Ameolewa Muscat. Miaka kadhaa iliyopita jicho lake moja lilififia kwa wiki mbili, likarudi. Baadaye akapata ganzi ya miguu na uchovu usioelezeka, uchovu wa mtu aliyebeba magunia ilhali ametoka kuamka. Alipigwa picha ya MRI na akaambiwa ana maltipo sklerosisi, maradhi ambayo wengi huyaita MS tu. Ni hali ambayo askari wa mwili, wale wanaotulinda na vijidudu, huanza kuushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Huku kwetu huonekana kwa nadra, lakini katika nchi za Ghuba si geni.

Aliandikiwa intaferoni ya kujidunga chini ya ngozi, leo anadunga, kesho anapumzika. Mwaka wa kwanza alikuwa na nafuu kubwa. Mwaka wa pili mashambulio yakarudi, moja baada ya jingine. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wakwe walishuku anaruka sindano. Huku nyumbani shangazi mmoja alitaka aletewe kombe, mwingine akasisitiza asomewe ruqya. Dua ni ibada na sina neno nayo. Lakini yule binti alikuwa hajaruka hata sindano moja, na alikuwa akilia kwa simu kwamba hakuna anayemwamini. Jibu lilikuwa ndani ya damu yake, na lilipopimwa lilionekana: mwili wake ulikuwa umetengeneza kingamwili dhidi ya ile dawa.

Ili jibu hilo lieleweke, inafaa tuijue dawa yenyewe kwanza.

Mwaka 1957, katika taasisi ya utafiti wa tiba iliyokuwa Mill Hill, London, watafiti wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, walikuwa wakifanya majaribio na virusi vya mafua kwenye utando wa mayai ya kuku. Waligundua kwamba seli zikiguswa na virusi vilivyouliwa, hutoa kitu fulani ambacho huzifanya seli nyingine zisiambukizwe virusi vilivyo hai. Kitu hicho walikiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuingilia kati na kuzuia, na ndilo lililozaa jina intaferoni. Ni mfano wa mpiga mbiu wa mtaa: nyumba moja ikivamiwa, anapiga kelele, na majirani wote wanafunga milango kabla mwizi hajawafikia.

Sote tunayo. Unapopata mafua ukahisi viungo vinauma, baridi inakupiga na kitanda kinakuita, sehemu kubwa ya adha hiyo haitokani na virusi vyenyewe. Ni intaferoni yako ikifanya kazi. Ndiyo maana wanaodungwa dawa hii hulalamika usiku wa sindano kwamba wanahisi kama wana homa ya mafua.

Kwa miaka mingi ilikuwa vigumu mno kuipata. Huko Helsinki, Finland, mtaalamu Kari Cantell aliikamua kutoka chembechembe nyeupe za damu iliyotolewa na wahisani, na damu nyingi sana ilizaa dawa kidogo sana. Mambo yalibadilika mwaka 1980, pale Charles Weissmann na wenzake walipofaulu kuitia jeni ya intaferoni ya binadamu ndani ya bakteria, na bakteria wakaanza kuitengeneza. Kutoka hapo viwanda vikaingia. Mwaka 1986 Marekani iliidhinisha intaferoni alfa kwa aina moja ya saratani ya damu. Mwaka 1991 ikaidhinishwa kwa homa ya ini aina ya C, na mwaka 1992 kwa aina ya B. Mwaka 1993 ikaja intaferoni beta kwa ajili ya MS, na ndiyo dawa ya kwanza iliyoonyesha kwamba mashambulio ya maradhi hayo yanaweza kupunguzwa, kwa karibu thuluthi moja. Kuponya haiponyi.

Wasomaji wa umri wangu na zaidi watakuwa tayari wamekumbuka jina jingine: Kemron. Mwaka 1990 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na redio ilitangaza kwamba Kenya imepata dawa ya Ukimwi kupitia taasisi yetu ya KEMRI. Kemron ilikuwa intaferoni alfa, kwa kiwango kidogo sana, kwenye kidonge cha kuyeyushia mdomoni. Matumaini yalikuwa makubwa na watu wakaja Nairobi kutoka mbali. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida, ukiwemo utafiti mkubwa wa Uganda uliochapishwa mwaka 1998. Nalitaja hili ili tusichanganye mambo. Kemron haikushindwa kwa sababu ya kingamwili. Ilishindwa kwa kuwa kiwango kile kidogo, kwa njia ile ya mdomo, hakikuwa na uwezo kilichodaiwa kuwa nao. Kisa cha intaferoni ya sindano ni kingine: dawa inafanya kazi, ushahidi upo, halafu kwa baadhi ya watu inaacha.

Inaachaje?

Kila seli ina vitasa juu ya ngozi yake. Intaferoni ni ufunguo. Ufunguo ukiingia kitasani, seli huwasha kazi kadhaa ndani yake, mojawapo ikiwa ni kutengeneza protini iitwayo MxA, ambayo hupambana na virusi. Kingamwili nazo ni protini zinazotengenezwa na mwili kushika kitu kigeni, kila moja kwa umbo la kitu chake. Chanjo ya surua inakukinga kwa sababu kingamwili zinaishika surua na kuikaba.

Sasa kingamwili inaweza kuushika ufunguo kwa namna mbili. Inaweza kuushika kwenye mpini, na hapo ufunguo bado unaingia kitasani, japo kwa uzito. Au inaweza kuushika kwenye meno yenyewe. Ikishika meno, ufunguo hauingii popote. Unajidunga dozi kamili, dawa inaingia mwilini, na haifunguI mlango hata mmoja. Kingamwili za aina hii ya pili ndizo madaktari wanazoziita za kubatilisha, na ndizo zinazotuhusu. Za aina ya kwanza wagonjwa wengi huwa nazo, na kwa kiwango kidogo hazidhuru sana.

Msomaji makini atauliza: intaferoni si tunayo wenyewe? Vipi mwili ukatae kitu chake? Hili ndilo swali lililonisumbua mimi pia, na jibu lake ndilo sehemu tamu ya habari hii.

Kwanza, dawa haifanani na ile ya mwilini kwa asilimia mia. Intaferoni beta ya Betaseron, ambayo Ulaya huuzwa kama Betaferon, hutengenezwa ndani ya bakteria. Bakteria hajui kuipachika protini vipande vya sukari ambavyo seli za binadamu huipachika, na kiwandani kiungo kimoja cha protini hiyo hubadilishwa makusudi ili isiharibike. Avonex na Rebif hutengenezwa ndani ya seli za hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, na hizo hutoka na sukari yake, zikifanana zaidi na ya binadamu.

Pili, na hili naona lina uzito zaidi, ni madonge. Protini bila sukari yake hupenda kugandana. Protini iliyopigwa joto au kutikiswa sana hugandana pia. Na macho ya askari wa mwili yamezoeshwa hivi: kitu kimoja kimoja kinachoelea peke yake, hasa chenye sura ya nyumbani, hukipita, lakini kitu kile kile kikijipanga kwa mafungu, kimekaa bega kwa bega, kinafanana na gamba la kirusi. Hapo hawaulizi kitambulisho. Wanatengeneza kingamwili.

Tatu ni njia na wingi wa sindano. Mara nyingi chini ya ngozi, ambako askari hao wamejaa, ni tofauti na mara moja kwa wiki ndani ya msuli.

Ukiyaweka pamoja haya, tarakimu zinaeleweka. Kati ya wanaotumia Betaseron, thuluthi moja au zaidi hupata kingamwili za kubatilisha wakati fulani. Kwa Rebif ni takriban robo. Kwa Avonex, inayodungwa msulini mara moja kwa wiki, ni baina ya 2 na 6 katika kila watu 100. Yaani ugonjwa mmoja na dawa za jina moja, lakini namna ya kupika na kudunga imeleta tofauti hiyo yote.

Ushahidi wa madonge uko pia kwenye intaferoni alfa. Roferon-A, iliyotumika kwa homa ya ini na saratani, ilikuwa ikisababisha kingamwili kwa wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Wenye kiwanda walipochunguza, walikuta kwamba dawa ya unga iliyohifadhiwa kwenye joto la kawaida la chumba ilikuwa ikigandana. Waliibadilisha ikawa ya maji, wakaitoa ile protini ya damu iliyochanganywa nayo, na wakaagiza iwekwe kwenye baridi. Kingamwili zikapungua. Hakuna aliyegusa mwili wa mgonjwa. Kilichobadilika ni chupa na friji.

Mabaya ya jambo hili ni kwamba linakuja kimya. Hakuna vipele, hakuna uvimbe, hakuna homa. Kwa kawaida kingamwili huanza kuonekana baina ya mwezi wa 6 na wa 18. Wakati huo mgonjwa ameshazoea sindano, familia imeshapumua, na daktari anaona mambo yanaenda. Hata ile homa ya usiku wa sindano ikiondoka, huwezi kuitumia kama dalili, maana kwa wengi huondoka yenyewe kwa mazoea.

Ukimya huo uliwapoteza hata wataalamu kwa muda. Majaribio ya mwanzo yalidumu miaka miwili hivi, na kwa kuwa kingamwili huchelewa kuja na madhara yake huchelewa zaidi, waliofanya hesabu hawakuona tofauti kubwa kati ya wenye kingamwili na wasio nazo. Baadhi walisema hazina maana. Ndipo mwaka 2003 kundi la Denmark, likiongozwa na Per Soelberg Sørensen, likachapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya wagonjwa 541 waliofuatwa kwa hadi miezi 60. Uzuri wa kazi yao ni kwamba waliligawa kila jambo kwa vipindi. Mgonjwa yule yule anaweza kuwa na kingamwili mwaka huu na asiwe nazo mwaka ujao, kwa hiyo walihesabu mashambulio ya kipindi hiki na ya kile. Vipindi vya kingamwili vilikuwa na mashambulio mengi zaidi, wazi kabisa.

Hata hivyo madaktari hawakukubaliana wafanye nini. Mwaka 2005 jumuiya ya madaktari wa neva ya Ulaya ilishauri kila mgonjwa apimwe mwezi wa 12 na wa 24. Mwaka 2007 wenzao wa Marekani walikubali kwamba kingamwili zinapunguza nguvu ya dawa, lakini wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kuelekeza ni lini apimwe nani na kwa kipimo gani. Nikiwa mtu wa hesabu, upande wangu ni wa Ulaya. Dawa hii ni ghali. Kampuni gani inayolipa kitu kila mwezi haifanyi ukaguzi hata mara moja kwa mwaka kujua kama ilicholipia kimefika?

Homa ya ini nayo ina kisa chake, na hii inatugusa karibu zaidi kwa kuwa homa ya ini ya B na C ziko Pwani. Enzi ya intaferoni alfa, kulikuwa na wagonjwa ambao vipimo vya ini vilishuka vizuri, kisha katikati ya matibabu vikapanda tena. Baadhi yao walikutwa na kingamwili za kubatilisha. Madaktari wengine waliwabadilishia intaferoni ya asili, ile ya kukamuliwa kutoka chembechembe za damu, ambayo ina aina nyingi za alfa kwa pamoja, na baadhi yao wakapata nafuu tena. Ni kama mlinzi aliyekariri uso mmoja tu. Wakija ndugu kumi, wengine watapita. Leo, kwa homa ya ini ya C, vidonge vipya vimeiweka intaferoni kando karibu kila mahali, na vinaponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Alhamdulillahi kwa hilo.

Halafu likaja jambo ambalo lilifanya habari hii itoke vitabuni na kuingia majumbani. Mwaka 2020, katikati ya korona, timu ya kimataifa ya Jean-Laurent Casanova na Paul Bastard ilipima damu ya wagonjwa 987 waliokuwa mahututi kwa nimonia ya korona. Kati yao, 101 walikuwa na kingamwili za kubatilisha intaferoni. Kati ya watu 663 walioambukizwa lakini hawakuugua ama waliugua kidogo, hakuna hata mmoja. Kati ya watu wenye afya 1,227 waliopimwa damu ya kabla ya korona, walikuwa 4 tu. Na katika wale 101, wanaume walikuwa 95.

Hawa hawakuwa wametibiwa kwa intaferoni. Miili yao ilijitengenezea kingamwili hizo yenyewe, dhidi ya mpiga mbiu wao wenyewe, kabla ya virusi kuingia. Mwizi alipokuja, kelele haikupigwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hali hii huongezeka kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 70. Tulizika wazee wengi wakati ule, na maswali yalikuwa mengi, kwa nini huyu na si yule, nyumba moja, sahani moja. Kwa baadhi ya waliofariki duniani kote, sehemu ya jibu ilikuwa hii.

Tusidhani pia kwamba ni intaferoni peke yake. Wanaosafishwa figo hudungwa dawa ya kuongeza damu, homoni iitwayo erithropoietini. Kati ya mwaka 1998 na 2003, katika nchi kadhaa, wagonjwa wa figo karibu 200, wengi wao wakitumia dawa ya Eprex, walipata kingamwili dhidi yake. Hao hali yao ilikuwa nzito kuliko ya MS, kwa sababu kingamwili ziliikaba dawa na zikaikaba pia homoni yao ya asili. Uboho ukaacha kabisa kutengeneza chembe nyekundu, wakaishi kwa kuongezewa damu. Ilitokea baada ya mchanganyiko wa dawa kubadilishwa. Wachunguzi walishuku kiungo kipya, wakashuku kizibo cha mpira cha bomba la sindano, wakashuku pia uhifadhi. Vizibo vilipofunikwa, njia ya kudunga ikabadilishwa na baridi ikasimamiwa, visa vikashuka.

Friji tena. Naona nilisemee hili, maana sisi tunaishi Pwani.

Sindano nyingi za intaferoni beta zinatakiwa zikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 za selisiasi. Zisigandishwe na zisitikiswe. Sasa fikiria safari ya dawa ya aina hii kwa mtu wa kwetu. Inanunuliwa Nairobi, au inaletwa na jamaa kutoka Ghuba ndani ya sanduku. Inapita uwanja wa ndege, inakaa kwenye buti la gari, inapandishwa basi la usiku, inafika asubuhi na kupelekwa nyumba ambayo stima imekatika tangu jana. Mwezi wa pili au wa tatu, ndani ya gari lililofungwa, joto la Mombasa hupita mbali sana kile kipimo. Kwa macho dawa itaonekana ile ile, safi kama maji. Madonge ninayoyasema hayaonekani kwa jicho.

Hapa watu hufikiri hasara ya joto ni dawa kupungua nguvu, basi. Wanasema, "Si neno, itafanya kazi kidogo." Hasara kubwa ni hii nyingine: dawa iliyogandana inaweza kuufundisha mwili kuikataa hata ile nzima itakayokuja baada yake. Wanaotumia insulini wengi wameshajifunza adabu ya baridi, na bibi zetu wasio na friji huiweka kwenye mtungi wa udongo uliotiwa maji. Kwa intaferoni mtungi hautoshi. Tumia kikasha chenye barafu, na dawa isiguse barafu yenyewe, kwani kuganda nako huiharibu. Mwenye duka la dawa akikupa sindano aliyoitoa kwenye rafu ilhali karatasi yake inasema friji, irudishe hapo hapo.

Na mtu akishakutwa na kingamwili? Kuongeza dozi kwa kawaida hakusaidii. Kuhama kutoka intaferoni beta moja kwenda nyingine hakusaidii pia, kwa kuwa funguo hizo meno yake ni yale yale na kingamwili zinayajua. Kingamwili zikiwa kidogo, zinaweza kupungua na kutoweka zenyewe kwa muda, na daktari anaweza kuchagua kusubiri na kupima tena baada ya miezi michache. Zikiwa nyingi, hukaa kwa miaka, hata baada ya kuacha sindano. Hapo dawa inayofaa ni ya jamii nyingine kabisa, na kwa MS siku hizi zipo kadhaa. Dada yangu alibadilishiwa. Wakwe waliambiwa na daktari mwenyewe, kwa Kiarabu, kwamba hakuruka sindano.

Kama unaye mtu anayetumia dawa hii na hali yake inarudi nyuma, usimwambie aache sindano kwa sababu ya makala yangu. Mwambie amuulize daktari kama kingamwili zimepimwa, na lini. Kuna vipimo viwili, na saa zake ni tofauti, jambo ambalo mapokezi ya hospitali hayakumbuki kumwambia mgonjwa. Kipimo cha kingamwili zenyewe huchanganya maji ya damu ya mgonjwa na intaferoni, kisha huviweka pamoja na seli maabara ili kuonekana kama dawa bado inazigusa. Damu ya kipimo hicho hutolewa kabla ya sindano inayofuata, dawa ya mwisho ikiwa imeshapungua mwilini. Kipimo cha MxA ni kinyume chake. Kinataka kuona kama ufunguo umefungua mlango, kwa hiyo kinahitaji dawa iwe ndiyo kwanza imeingia: damu hutolewa takriban saa 12 baada ya sindano. Aliyejidunga saa tatu usiku, awe maabara saa tatu asubuhi, na aandike kwenye karatasi saa aliyojidunga.